Mtoto Alichinjiwa Jogoo, Mama Ameitiwa Wazee

Mpendwa Bi Mwanasiti, shikamoo,

Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwa sababu jambo hili sijawahi kumweleza mtu wa mbali na hata kalamu naishika kwa aibu, mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, ni mzee wa kanisa na nina duka hapa Tarasaa, na mke wangu Rosina nimeishi naye tangu tukiwa vijana, yeye ndiye anayeshika shamba letu la mpunga kule bondeni na mimi nashika duka, na kwa upande wa kazi sina la kumlaumu, msimu wa kupandikiza huingia majini alfajiri akatoka jua limeshapinda, hilo nalisema mapema ili usije ukadhani namchukia.

Tatizo lilianza mwaka juzi, alianza kulalamika maumivu chini ya kitovu nikamwambia ni kazi ya kuinama, kisha ikawa tukikutana kama mume na mke anaumia na baadaye anatoka damu, na si siku zake, pamoja na uchafu mwingine ambao siwezi kuuandika gazetini, basi nikampeleka zahanati, yaani nilimpa nauli akaenda, akarudi na vidonge vya ugonjwa wa zinaa na maagizo kwamba mume naye anywe. Moyo wangu haukutulia, nikaenda Malindi nikapimwa magonjwa yote ya namna hiyo nikaonekana safi, nikarudi nikamwambia, "Mama Levis, mimi sina kitu." Akasema, "Basi na mimi sina." Nikamwambia, "Daktari amesema unacho." Akasema, "Daktari hakunitazama. Aliniuliza maswali nikiwa nimesimama mlangoni, akaandika." Sasa Bi Mwanasiti, si ndivyo anavyosema mtu anayetafuta mlango wa kutokea? Dawa zile alimeza zikaisha, hakupona, akapewa za aina nyingine, hakupona, na kila akienda anarudi na jibu lile lile.

Dada yangu Pauline, ambaye ni mjane na tunaishi naye kiwanja kimoja, akaniambia waziwazi, "Kaka, ugonjwa wa namna ile mtu haupati shambani." Rosina alikuwa pale nje anapeta mchele, akasikia, akasema bila kuinua kichwa, "Wifi, mimi natoka hapa naenda bondeni, natoka bondeni narudi hapa. Huyo bwana nimempatia wapi, kwenye matope?" Pauline akacheka akasema, "Hata matope yana wenyewe." Nikawakataza wote wawili, lakini maneno ya dada yangu yaliniingia.

Ndipo nikalifikisha kwa wazee wenzangu wa kanisa, kwa siri, wakakubaliana kwamba mavuno yakiisha Rosina aitwe mbele ya kikao aulizwe, na asiposema ukweli asimamishwe kushiriki meza ya Bwana na aondolewe kwaya. Sijui nani alimpelekea habari, maana aliacha kwaya mwenyewe kabla ya kuondolewa, akaacha na chama cha akina mama, siku hizi hali chakula vizuri, ukimsemesha anajibu neno moja, akitoka shambani anakaa kizingitini anatazama chini mpaka giza linaingia hajawasha taa, na wiki iliyopita nilimsikia akimwambia kijana wetu Levis kwamba nyumba hii itapumua siku yeye asipoamka, nami nikasema moyoni, dhamiri inamsuta.

Labda utauliza kama ni ugonjwa wa kawaida tu. Nakwambia ukweli, ukoo wetu hauna magonjwa, sisi ni watu wa mto, mimi mwenyewe utotoni nilikojoa damu kama wenzangu wote na ikaisha yenyewe, na Levis alipofika miaka kumi na moja akaja analia kwamba mkojo wake ni mwekundu, marehemu baba yangu, mzee Kuno, alicheka mpaka akakohoa, akamwambia, "Nyamaza, dume. Mto umeshakutambua," tukamchinjia jogoo, na leo ana miaka kumi na saba na nguvu za fahali, ingawa mara moja moja bado anaona damu mwisho wa mkojo na namwambia asihangaike. Mimi pia siku hizi naenda msalani kila wakati na mkojo unawaka moto, lakini hiyo ni kazi ya umri na ya kukaa dukani. Nataka uone tu kwamba sisi ni wazima na kilichoingia nyumbani mwetu kimetoka nje.

Swali langu ni moja. Baada ya Levis, Rosina hakuzaa tena, mimba mbili zilitoka, nikavumilia bila kusema. Je, nimrudishe kwao sasa kabla ya kikao ili kuepusha aibu, au ningoje avune kwanza, maana mpunga umeshazaa, ndege ni wengi, na mimi duka siwezi kuliacha?

Ni mimi,
Mume Aliyechoka, Tarasaa.

*

Mume Aliyechoka,

Marahaba. Majina nimeyabadilisha yote, na la mkeo nimelibadilisha kwa uangalifu zaidi, maana limeshatembea midomoni mwa watu vya kutosha. Uliniomba nikusikilize mpaka mwisho kabla sijakuhukumu. Nimefika mwisho.

Tuanze na jina ulilojipa. Umechoka na nini, mwanangu? Anayeingia majini alfajiri ni yeye. Anayetoka damu ni yeye. Aliyemeza vidonge vya ugonjwa wa watu wengine, mara mbili, ni yeye. Anayesubiri kuitwa mbele ya kundi la wanaume waliovaa mashati ya Jumapili aulizwe habari za mwili wake ni yeye. Wewe umekaa dukani na mashaka yako. Mashaka hayachoshi, yananenepesha.

Kuhusu swali lako, jibu ni hapana, kwa yote mawili. Nimeandika safu hii miaka mingi na nimesoma barua za wanaume waliotaka kuacha wake zao kwa sababu za kila aina, nyingine za kipuuzi kweli. Lakini hii ni mara yangu ya kwanza kukutana na mwanamume anayemwona mke wake mmoja huyo huyo kuwa mchafu wa kutosha kufukuzwa na safi wa kutosha kuvuna.

Sasa tufuate hoja yako, maana naona unaipenda. Mkeo aliambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Ukapimwa, huna. Akatumia dawa ya ugonjwa huo, hakupona. Akatumia nyingine, hakupona. Mtu mwenye akili iliyotulia angesema: mume hana, dawa haiponyi, pengine si ugonjwa huo. Mtu wa duka, anayejua kwamba ufunguo usiofungua kufuli ni wa kufuli jingine, angesema hivyo upesi zaidi. Wewe ulisema: ana bwana. Umeyatoa wapi hayo? Kwa dada yako, aliyetamka kwamba ugonjwa wa namna ile mtu haupati shambani.

Ninaamini ameupata shambani.

Soma barua yako mwenyewe, aya ile ya watu wa mto. Wewe ulikojoa damu. Mwanao alikojoa damu na bado anakojoa. Wewe sasa unawaka moto msalani. Na mkeo, ambaye amesimama kwenye maji yale yale kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa, anatoka damu. Watu wa nyumba moja, mto mmoja, damu moja, na ulipofika kwake tu ukaona dhambi. Mwanao mlimchinjia jogoo. Mama yake mmemwitia wazee.

Huo ugonjwa unaitwa kichocho. Minyoo yake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa kwenye maji yaliyotulia, ya mashamba ya mpunga na ya mabwawa yanayobaki mafuriko yakishuka, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama humo bila hata kumwasha sana, na huishi mwilini kwa miaka. Mayai yao hukwama kwenye kibofu, na hapo ndipo mvulana anapokojoa damu. Kwa mwanamke hukwama pia kwenye njia ya uzazi, yakafanya vidonda, maumivu, uchafu, damu baada ya tendo la ndoa. Huweza kuzuia mimba, na huweza kuwa sababu ya mimba kutoka. Kwa mtu asiyetazama, anayeuliza maswali mgonjwa akiwa mlangoni, dalili hizo hufanana na za ugonjwa wa zinaa. Mkeo alikueleza hilo la mlangoni kwa ufasaha, ukasema anatafuta pa kutokea. Alikuwa anakuonyesha kosa lilipo.

Usidhani nasema haya kutoka mbali. Nilizaliwa Kipini, na mama yangu alilima mpunga juu kidogo ya mlango wa mto, mpaka maji ya bahari yalipopanda yakatutilia chumvi mashambani na sisi tukatawanyika. Leo niko Malindi, nanunua mchele wa mfuko usionukia chochote, na msimu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, ukifika bado naamka nikidhani nimechelewa. Nayakumbuka maji yale vizuri kuliko nyumba yoyote niliyowahi kulala. Nakumbuka pia wavulana wa kwetu walivyokuwa wakijipanga ukingoni kushindana mkojo wa nani ni mwekundu zaidi, na mshindi alikuwa akitembea kifua mbele siku nzima. Sisi wasichana tuliwaonea wivu. Hakuna aliyetwambia kwamba tunacho kitu hicho hicho, kwa sababu hakuna aliyetutazama.

Nuriya, binti wa shangazi yangu, alipandikiza mpunga kwa wepesi ambao sijauona tena. Aliachwa na mume wa kwanza kwa kuwa tasa na wa pili kwa kuwa, walivyosema, na damu mbaya. Alikuwa akilala na kitambaa kiunoni kama mtu aliyetoka kujifungua. Wanawake waliacha kumwalika arusini. Sasa yuko kaburini na sijui alikuwa na nini, wala sitajua, kwa sababu watu wazima wote wa mji walikuwa na hakika wanajua. Ndiyo maana barua kama yako huniondolea adabu.

Na mkeo pia sijui ana nini. Mimi si daktari, na zahanati imeshakuonyesha mtu anayejibu bila kutazama anavyofanya. Mwanamke anayetoka damu ya namna hiyo anaweza kuwa na kichocho, anaweza kuwa na kansa ya mlango wa kizazi inayoanza, anaweza kuwa na kingine. Yote hayo hutaka macho na vipimo, na hakuna hata moja linalotibiwa na kikao cha wazee.

Lakini kichocho kingoje kidogo. Kuna jambo moja kwenye barua yako ulilolipita mbio kuliko yote, nalo ndilo lililonifanya nikujibu kabla ya waliokutangulia. Mkeo alimwambia mwanawe kwamba nyumba itapumua siku asipoamka. Ukasema dhamiri inamsuta. Mwanangu, mwanamke aliyeacha kuimba, aliyeacha kula, anayekaa gizani na taa iko karibu naye, kisha akatamka neno kama hilo kwa mtoto aliyemzaa, huyo ni mgonjwa wa pili ndani ya mgonjwa wa kwanza. Amebeba maumivu miaka miwili, na badala ya kuulizwa unaumwa wapi, anaulizwa ulilala na nani. Ungekuwa wewe ungechukua muda mfupi zaidi kuvunjika.

Kwa hiyo leo, si kesho, funga duka. Kaa naye pale kizingitini. Umwambie, "Nilisikia ulilomwambia Levis. Je, unafikiria kujiua?" Umuulize hivyo hivyo, kwa neno hilo. Kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo, ila kunamwonyesha kwamba kuna mtu amelisikia. Akikubali, au akinyamaza, asiachwe peke yake hata saa moja, dawa za mpunga na za kupe ziondoke nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kama ana mtu anayemwamini, mama yake, dada yake, rafiki wa kwaya, mwite aje akae naye. Usimwite Pauline. Pauline umpe kazi nyingine, nitakuambia ipi.

Hata akisema hana wazo hilo, usiucheleweshe uchunguzi wa mwili wake. Mpeleke hospitali kubwa, Garsen au Malindi, na safari hii kumpeleka maana yake ni kwenda naye, si kumpa nauli. Akiingia chumbani, aseme kwa kinywa chake, na wewe uwe tayari kusema akichoka: "Nalima mpunga majini tangu utotoni, nyumbani kwetu watu wanakojoa damu, naomba nichunguzwe kichocho cha njia ya uzazi, na nitazamwe mlango wa kizazi." Mkojo upimwe, na bora uwe wa mchana, kuanzia saa nne hadi saa nane, ndipo mayai huonekana zaidi. Mkojo ukionekana safi msirudi nyumbani mkishangilia wala mkilaumiana, kwa sababu kwa mwanamke mayai yanaweza kuwepo kwenye njia ya uzazi na yasionekane kwenye mkojo. Atazamwe. Akiona haya, aombe muuguzi mwanamke. Na hizo siku anazokaa gizani nazo zitajwe kwa daktari, zisiachwe nje kwa kuwa ni mambo ya nyumbani. Watu hutibiwa huzuni kama wanavyotibiwa malaria.

Nawe utapimwa, pamoja na Levis. Ulipimwa magonjwa ya zinaa ukajiita safi, kama mtu aliyepekua mfuko mmoja wa koti akatangaza hana senti. Kuwaka moto huko si duka wala si umri mpaka daktari aseme. Kichocho kikiachwa miaka huharibu kibofu na figo, na kansa ya kibofu hupata njia humo. Mwanao atakihitaji kibofu chake muda mrefu baada ya jogoo yule kusahauliwa. Mwambie marehemu babu yake alimpenda lakini alikosea. Anaweza kulibeba hilo, ni mkubwa sasa.

Dawa ya kichocho ipo, humezwa kwa kadiri ya uzito wa mtu, wala si ya kutisha. Shuleni watoto hupewa mara kwa mara, lakini akina mama husahauliwa, kwa kuwa hakuna anayekwenda bondeni na mzani kuwauliza. Inaua minyoo, ila vidonda vya zamani huchukua muda na vingine huacha alama, basi usije ukaniandikia baada ya wiki ukisema kumbe alikuwa na bwana kweli. Na mtu akirudi kwenye maji yale yale huambukizwa upya. Mpunga huo wa sasa mkeo hataugusa. Mpunga umeshazaa, maji yatolewe shambani mapema, utafute viatu vya mpira virefu, uvune wewe. Ndege ataamia Pauline. Atapata nafasi nzuri ya kuchunguza wenyewe wa matope ni akina nani, na akitoka huko naye apimwe.

Kuhusu wazee wenzako. Ulilipeleka neno kwao kwa siri na likamfikia mkeo, jambo linaloonyesha siri yenu ina thamani gani. Hutalirudisha kwa siri. Utasimama kwenye kikao, kabla ya mavuno, useme: "Nilimshtaki mke wangu kwa jambo ambalo sina ushahidi nalo. Ni mgonjwa. Nafuta shtaka, naomba lisitajwe tena." Wasipokubali kulifuta, waulize mmoja mmoja nani kati yao hajawahi kukojoa damu utotoni. Wewe unawafahamu. Wengi wao mlisimama nao ukingoni.

Na wewe Rosina, kama gazeti hili litafika mikononi mwako limefungiwa sukari, najua si jina lako lakini utajijua: hukufanya kosa lolote kusimama kwenye maji. Ulikuwa unalisha watu. Damu hiyo haina habari ya tabia yako. Usikubali tena dawa ya mtu aliyekuacha mlangoni, na lile neno ulilomwambia mwanao, limwambie mtu mzima leo.

Nakurudia wewe, bwana. Utafanya yote haya na huenda bado akakutazama kama anavyotazama kizingiti. Usimharakishe. Utakuwa umempeleka hospitali kwa sababu ni binadamu anayeumwa, hutakuwa umenunua msamaha. Akishapona, mwili na moyo, ni yeye atakayeamua kama anaendelea kukaa nyumbani kwako au anakwenda kwao. Akichagua kwenda, mbebee mizigo mpaka stendi, mshikie mlango wa gari, na usimuulize mbele ya watu atarudi lini.

Bi Mwanasiti,
Malindi.